Mama Marlys na Nafasi ya Nane

Ifikapo tarehe 31 Machi 2024, Bi Marlys Dorosh atakuwa ametimiza miaka thelathini na saba na miezi mitano akiwa katibu na mtunza msimamo wa Ligi ya Vijana ya Bonde la Whitmore, na siku hiyo hiyo atastaafu. Hiyo miezi mitano ameniagiza mwenyewe niiandike. Mimi nilikuwa nimeandika "karibu miaka arobaini", akanirudishia karatasi ikiwa na maneno ya kalamu nyekundu pembeni: "Clem, karibu si namba."

Aliletwa kwa wiki mbili tu. Mwezi Oktoba 1986 katibu wetu wa zamani, mzee aliyeongoza ligi ya magongo ya barafuni miaka kumi na miwili bila kukanyaga barafu, aliteleza mlangoni pa ofisi akavunjika nyonga. Wanawe wakampeleka Arizona akaote jua hadi apone. Akapona, akaona jua ni tamu, hakurudi tena. Wakati huo Bi Marlys alikuwa karani wa mizani kwenye ghala la nafaka la hapa Wexmoor, kazi yake kupima malori ya ngano. Wakulima walimwogopa. Ilisemekana ukipanda kwenye mizani yake ukiwa na mbwa ndani ya lori, atakuambia umshushe mbwa kwanza.

Alianza kazi Jumatatu tarehe 20. Ijumaa ya wiki hiyo hiyo kocha mmoja, mrefu kama nguzo ya simu, alipanda ngazi na viatu vyake vya theluji, akapiga meza, akasema timu yake imeibiwa pointi mbili. Bi Marlys hakubishana naye. Alimsogezea kiti, akampa penseli na matokeo yote ya mwezi.

"Jumlisha mwenyewe, baba."

Kocha akajumlisha, akapata jibu. Akajumlisha tena, akapata jingine. Mara ya tatu akapata la tatu, na katika yote hayo hakuna lililofanana na lile alilokuja nalo. Bi Marlys akampa peremende, akamwambia awe mwangalifu anaposhuka, ngazi ya nne imelegea. Kuanzia siku hiyo hakuna kocha aliyepanda kupiga meza. Walianza kupiga simu.

Mimi niliingia ofisi hiyo mwaka 1995, nikiwa mtangazaji wa uwanja na msaidizi wa kila kitu. Ofisi yetu iko juu ya chumba cha kubadilishia nguo cha wageni, na kwa miaka ishirini na tisa tumevuta pamoja harufu ya soksi za vijana wa timu kumi. Timu kumi, lakini zinazoingia mchujo wa ubingwa ni nane. Ndiyo maana hapa bondeni hakuna anayegombania sana nafasi ya kwanza. Ya kwanza hujulikana mapema, kabla ya Krismasi. Kinachokosesha watu usingizi mwezi wa Februari na Machi ni nafasi ya nane.

Msimu huo simu yetu haipoi. Wanapiga makocha, wanapiga akina mama, wanapiga wachumba wa wachezaji. Mama mmoja wa mji wa Kilmory alikuwa na hesabu yake ambayo kila mwaka anaisoma bila kuvuta pumzi: "Mama Marlys, sisi tukishinda Ijumaa, wale wakifungwa Jumamosi, hawa wa kaskazini wakitoka sare na—"

"Mama, ligi hii haina sare."

"Hata moja?"

"Hata moja. Wanacheza mpaka mmoja alie."

Padri mmoja alipiga kuuliza kama apange harusi ya nahodha wa timu fulani tarehe ishirini Aprili, au timu hiyo itakuwa bado imo kwenye mchujo. Bi Marlys akamwambia, "Panga, Baba. Panga hata tarehe mosi. Mimi nimewaona wakicheza."

Na waliokuja kubembeleza pointi aliwajibu wote neno moja, ambalo siku hizi limeandikwa kwenye mlango wa ofisi: Hesabu haina shangazi wala mjomba.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kila anayesoma karatasi hii analingoja. Nimemwomba ruhusa. Amesema, "Liandike lote, na usinipake mafuta."

Msimu wa 2009 ulimalizika Jumapili tarehe 8 Machi. Timu yetu ya nyumbani, Mwewe wa Wexmoor, ilikuwa haijauona mchujo kwa miaka kumi na mmoja. Kuna watoto hapa mjini walikuwa wameanza shule na kujua kusoma wakiamini mchujo ni kitu kinachowatokea watu wengine. Jumapili hiyo Mwewe walishinda mchezo wao wa mwisho, wakamaliza na pointi hamsini na nne, nafasi ya nane. Nyati wa St. Odile walimaliza na hamsini na tatu, nafasi ya tisa, wakarudi kwao.

Wexmoor ililia kwa furaha. Mzee Emil Kowbel, mwenyekiti wa Mwewe, muuza matrekta, mtu ambaye hajawahi kusema jambo kwa sauti ya chini, alitangaza kwamba Jumatatu mchana mji mzima utakula pamoja kwenye ukumbi wa kanisa. Wanawake waliamka alfajiri kufinyanga perogi, yale maandazi ya kuchemsha yenye viazi na jibini ndani. Walter Dorosh, mume wa Bi Marlys na dereva wa basi la Mwewe, aliliosha basi kwa maji ya moto kwenye baridi ya nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri, likaganda milango yote minne, ikabidi aingilie dirishani.

Jumatatu asubuhi hiyo Bi Marlys alikuja ofisini kufanya kile alichokifanya kila mwisho wa msimu kabla ya kutia sahihi msimamo: kuhesabu upya kutoka karatasi za kila mchezo, mmoja mmoja, tangu Septemba. Mimi nilikuwa nachemsha kahawa.

"Clem," akasema. "Hebu njoo."

Alikuwa amesimama dirishani, ameshikilia karatasi moja ya faksi kwenye mwanga. Ilikuwa ya mwezi wa Januari. St. Odile walikuwa wamefungwa ugenini, tatu kwa mbili. Pembeni ya matokeo palikuwa na doa jekundu kama la damu.

"Soma hapo."

"Tatu kwa mbili," nikasoma. "Nyati wamefungwa. Hamna jipya."

"Chini ya doa."

"Doa la nini kwanza?"

"Supu yangu ya bitiruti."

Nikainama. Chini ya ile supu, hafifu lakini hata kipofu angeyapapasa, palikuwa na maneno: muda wa nyongeza. Na kila mtu wa bonde hili anajua, ukifungwa muda wa kawaida hupati kitu. Ukifungwa muda wa nyongeza unaondoka na pointi moja ya kufutia machozi. Pointi hiyo St. Odile hawakuandikiwa. Hamsini na tatu yao ilikuwa hamsini na nne. Walikuwa sawa na Mwewe kwa pointi, sawa kwa idadi ya ushindi, na kanuni inasema mkiwa sawa hivyo tunaangalia mlipokutana. Walikutana mara sita. St. Odile walishinda nne.

Kutoka chini ya dirisha nilisikia honi ya basi. Walter alikuwa anaijaribu.

Sitajificha: nilijaribu kumpotosha. "Mama Marlys," nikasema, "doa ni doa. Nani atajua?"

"Mimi. Na wewe sasa."

"Mimi sijaona kitu. Miwani nimeisahau nyumbani."

"Miwani iko puani kwako, Clem."

Akaketi. Akapiga simu St. Odile, kwa Théodule Lepage, mfuga ng'ombe ambaye ndiye katibu wao. Aliweka simu wazi ili nisikie, nadhani alitaka shahidi.

"Théodule, ule mchezo wa Januari mliofungwa tatu kwa mbili. Ulikwenda muda wa nyongeza?"

"Ndiyo, Mama. Bao la dakika ya nne. Kijana wangu alikuwa ameanguka, kisahani kikampita chini ya tumbo kikaingia golini."

"Kwa nini hamkudai pointi yenu?"

Akasema kwa aibu, kama mtoto aliyeulizwa nani kavunja kikombe, "Sisi tulihesabu tukapata hamsini na nne. Tukaangalia msimamo wako, tukaona hamsini na tatu. Tukajua tumekosea sisi."

Bi Marlys akakata simu. Nilimwambia tungoje hadi kesho, watu wale perogi zao kwanza. Akasema kila saa moja wanayongoja ni saa moja zaidi ya vijana wa St. Odile kutawanyika. Akavaa koti. Alipofika mlangoni akarudi, akachukua ile karatasi yenye doa.

Ukumbi wa kanisa ulikuwa umejaa hadi jikoni. Mzee Emil alipomwona anaingia, akadhani amekuja kuleta msimamo uliotiwa sahihi.

"Jamani, mama wa namba huyu hapa!" akanguruma. "Mpisheni! Mpeni kipaza sauti!"

Watu wakashangilia. Mtu akamtia sahani mkononi. Bi Marlys akaiweka chini, akasema, bila salamu, kwamba yeye amefanya kosa. Akaeleza supu, akaeleza Januari, akaeleza mechi sita. Akasema nafasi ya nane ni ya St. Odile, na kosa si la mchezaji wala kocha yeyote wa Mwewe, ni lake yeye peke yake, na anaomba radhi.

Ukumbi mzima ukanyamaza, isipokuwa mzee mmoja wa nyuma asiyesikia vizuri, ambaye alidhani hotuba ya pongezi imekwisha, akapiga makofi kwa nguvu mpaka mkewe alipomkamata mikono.

Mzee Emil alikuwa amekuwa mwekundu kuliko lile doa. "Mama," akasema, "yaani mimi niambie watu wangu tumetolewa na supu?"

"Hapana, Emil. Supu ndiyo iliyowaingiza. Kilichowatoa ni kufungwa na St. Odile mara nne."

Ningemshauri asiseme hivyo. Lakini alishasema.

Vijana wa Mwewe walikuwa meza ya mbele. Nahodha wao, kijana wa miaka ishirini ambaye umri wake wa ligi uliishia msimu huo, aliinamisha kichwa akalia wazi mbele ya mama yake. Bi Marlys alimwona. Alikwenda akasimama karibu naye, hakumgusa, akasimama tu mpaka kijana alipomaliza. Halafu akatoka nje. Walter alikuwa juu ya ngazi, anabandua mabango kwenye basi.

Niliwahi kumuuliza Walter hali ilikuwaje nyumbani kwao baada ya hapo. "Kula, tulikula," akasema. "Kuongea, tuliongea Alhamisi."

Kule St. Odile nako haikuwa rahisi. Mchujo ulianza Jumatano, na wachezaji walikuwa wameshakwenda kila mmoja kivyake. Théodule aliwatafuta kupitia redio ya mkoa, kati ya bei za ngano na matangazo ya misiba. Wawili walikuwa wanazalisha ng'ombe kwa mjomba wao, wakaja na harufu yote. Nahodha alikuwa amemgawia binamu yake magongo yake, binamu akakataa kuyarudisha hadi aahidiwe kiti cha mbele. Kipa alikuwa ameng'olewa magego mawili siku ile ile ya Jumatatu, shavu limevimba kama boga, kofia ya kipa haiingii. Wakaitanua kwa koleo.

Walicheza na vinara wa ligi. Walifungwa michezo yote minne. Waliruhusu mabao thelathini na moja, wakafunga matano, na katika hayo matano moja alijifunga mpinzani. Lakini St. Odile ni mji wa watu mia tatu na themanini, na kwenye mchezo wa mwisho, uliochezwa nyumbani kwao, waliingia watu mia nne na kumi na wawili. Wengine walitoka makaburini, Théodule anasema. Walipofungwa la nane usiku huo, uwanja ulisimama ukaimba.

Asubuhi yake Mzee Emil alipiga simu ofisini, nikapokea mimi, akataka apewe Bi Marlys.

"Mabao thelathini na moja!" Nilimsikia nikiwa upande wa pili wa chumba. "Hata kwaya ya kanisa ingefungwa machache!"

"Nafasi ilikuwa yao, Emil," akajibu. "Wana haki ya kufungwa nayo."

Wiki hiyo aliandika barua ya kuacha kazi, mistari miwili. Wenyeviti kumi wa timu wakakutana kuijadili. Théodule, aliyetumwa na St. Odile badala ya mwenyekiti wao, hakuwa msemaji, alisimama akazungusha kofia mkononi. "Huyu kakosea mara moja miaka ishirini na miwili, halafu kaja kusema mwenyewe," akasema. "Mkimwacha aende, atakayekuja atakosea kila mwezi na hatasema. Basi, nimemaliza." Akaketi.

Ikaitwa kura ya kumbakiza. Kwa kuwa katibu ndiye huhesabu kura, na katibu bado alikuwa ni yeye, Bi Marlys alisimama kuhesabu kura za hatima yake mwenyewe. Mikono tisa ikapanda. Wa kumi ukapanda nusu.

"Emil," akasema, "huo ni mkono, au unajikuna?"

"Najikuna."

"Basi siuhesabu. Tisa."

Akabaki. Lakini mji una njia zake. Msusi wake akawa hana nafasi hadi Juni. Kwenye duka la mikate alipewa wa jana akiwa anautazama wa leo unavyotoa moshi. Na msimu wa theluji uliofuata, gari la kusafisha barabara lilikwangua mtaa wote vizuri, likifika nyumbani kwa Dorosh linaacha kilima cha theluji mlangoni. Kila mara. Walter alikuwa anakichota kwa koleo, huku akihesabu kwa sauti ili mkewe asikie: "Koleo la arobaini na moja, Marlys! La arobaini na mbili!" Yeye akiwa dirishani anamsahihisha.

Hakulalamika kwa mtu. Alichofanya ni kuhesabu kila karatasi mara mbili siku inapofika, na kuwapigia makatibu wa timu zote kila Jumatatu awasomee hesabu zao. "Ukiona nimekosea sema," alikuwa akiwaambia. "Usinionee haya. Haya ndiyo iliyotuponza."

Mwaka 2011 nafasi ya nane iligombaniwa tena, safari hii Mwewe na Mbweha wa Tornfield. Siku ya mwisho walikuwa sawa kwa pointi. Sawa kwa ushindi. Walikutana mara sita, tatu kwa tatu. Ikabidi tuhesabu tofauti ya mabao ya msimu mzima, michezo hamsini na minane, na Mwewe wakawa mbele kwa bao moja. Moja. Mwenyekiti wa Tornfield alikuwa wakili, mtu aliyewahi kuishtaki timu yake mwenyewe akashinda. Tulipomtumia msimamo alipiga simu papo hapo, na mimi nikashika kiti.

"Nani kahesabu hii?" akauliza.

"Bi Marlys," nikasema.

"Bi Marlys wa Wexmoor? Yule aliyewatoa Wexmoor?"

"Ndiye huyo."

Nikasikia anashusha pumzi. "Basi. Watakieni kheri."

Hakukuwa na rufaa. Mwewe waliingia mchujo bila mtu kunong'ona, kwa bao moja, kwa sababu bao hilo lilihesabiwa na yeye. Mzee Emil aliipata habari hiyo kutoka kwangu. Alikaa kimya, kitu ambacho sikuwahi kukishuhudia kabla wala baada. Kesho yake akaja na trekta kubwa kuliko zote dukani kwake, akakwangua kilima chote mlangoni kwa Dorosh, akapitiliza akakwangua na sanduku lao la barua. Bi Marlys akatoka na sweta.

"Emil, sanduku langu."

"Nimeliona, Mama." Akabaki amekaa juu kule, mikono kwenye usukani. "Siku ile kwenye kura. Nilikuwa najikuna, lakini nusu."

"Nusu siihesabu," akasema. "Ingia ndani ule."

Sina nafasi ya kueleza yote aliyoifanyia ligi hii: kwamba ni yeye aliyetuhamisha kutoka faksi hadi kompyuta, na kwa miaka mitatu ya mwanzo akawa anaisahihisha kompyuta, kwamba ni yeye aliyeandika kanuni ya timu zinazolingana, ukurasa mmoja, ambao ligi nyingine tatu zimeuomba, kwamba vijana zaidi ya elfu nne wamepita kwenye vitabu vyake na wengi wao, wakiwa na vipara sasa, wakikutana naye dukani anawaambia walifunga mabao mangapi, hata wasipotaka kusikia mbele ya watoto wao.

Lakini lazima nieleze Jumamosi ya tarehe 9 mwezi huu. Tangu Februari kazi ya msimamo imeshikwa na Bi Rowena Macaraeg, ambaye Bi Marlys amemfundisha kwa miaka miwili. Tulipomuuliza Bi Marlys anataka zawadi gani, alijibu anataka kuangalia mchezo mmoja bila daftari, kwenye kiti cha mtazamaji. Tukampa kiti safu ya nne, katikati, kati ya Walter na Mzee Emil, ambaye ana miaka themanini na minne na sauti bado ni ile ile. Ulikuwa mchezo wa mwisho wa msimu, Mwewe na Kilmory, na ndiyo, Mwewe walikuwa wanatafuta nafasi ya nane.

Mimi nilikuwa kwenye kibanda changu cha kutangazia. Dakika ya tatu nikasikia sauti ambayo sikuitambua.

"Refa! We refa! Macho umeyaacha kwa mama yako?"

Nikatazama. Alikuwa Bi Marlys, amesimama juu ya kiti.

Dakika ya kumi alimwambia mchezaji wa Kilmory kwamba bibi yake anateleza vizuri kuliko yeye, na bibi huyo yeye anamfahamu. Kipindi cha pili alimwita mlinzi wetu mwenyewe gunia la viazi. Refa alisimamisha mchezo, akaja kibandani kwangu, akaniuliza yule mama ni nani. Nilipomwambia hakuamini. Ikabidi nitangaze, kwa kipaza sauti, mbele ya watu elfu moja na mia mbili, kwamba mtazamaji wa safu ya nne anaombwa apunguze ukali wa maneno. Alinionyesha ngumi.

Miaka thelathini na saba sote tulidhani hana timu. Wapo hapa mjini walioapa kwamba anaichukia Mwewe. Wakati wa mapumziko nilimfuata Walter aliyekuwa amejiegemeza ukutani na kikombe cha kahawa, uso umetulia kama mtu aliye likizo.

"Walter, amekuwa hivi tangu lini?"

"Tangu tuoane," akasema. "Kila Jumatatu anaweka hesabu zake sawa, anarudi nyumbani, halafu hayo yote unayoyasikia ananimwagia mimi sebuleni. Leo mmegawana nami. Asanteni sana."

"Na 2009?"

Akanywa kahawa kwanza. "2009 alilia zaidi ya yule kijana. Wewe hukumwona. Hakutaka mwone."

Mchezo ulikwenda muda wa nyongeza, na Mwewe wakafungwa. Uwanja ukapoa. Matokeo ya Mbweha yalikuwa yameshafika: wameshinda. Kufungwa kwetu kulitupa ile pointi moja, tukawa sawa nao, hamsini na nane kwa hamsini na nane, na hakuna aliyejua nani yu ndani. Watu wote, kutoka kila upande wa uwanja, wakageuza vichwa safu ya nne. Vijana wa Mwewe walikuwa bado barafuni, wameinama juu ya magongo yao, nao wanatazama huko huko.

"Mama Marlys!" mtu akapaza sauti. "Tumo?"

"Muulizeni Rowena," akajibu.

"Lakini wewe unajua!"

"Muulizeni Rowena!"

Tulingoja dakika kumi na moja. Alikuwa ameketi sasa, mkono mmoja kwa Walter, mwingine kwa Mzee Emil, na ameibana mikono ya wanaume hao mpaka Emil akaomba aachiwe kidole. Hatimaye Rowena akashuka ngazi na karatasi, akapita barafuni kwa hatua ndogo ndogo, akaja kibandani akanipa. Nikasoma: pointi sawa, ushindi, Mwewe ishirini na saba, Mbweha ishirini na sita. Nafasi ya nane, Wexmoor.

Sijui nani alipiga kelele zaidi. Ninachojua ni kwamba kofia ya Mzee Emil ilipatikana Jumapili kwenye taa za juu, na kwamba aliyeitupa si Emil.

Nilimkuta mlangoni watu walipopungua, sauti imemkauka, nywele hazina mpango. Nikamuuliza kama kweli alikuwa hajui.

"Nilijua tangu bao linaingia," akanong'ona. "Ishirini na saba kwa ishirini na sita. Kwani nimezaliwa jana?"

"Sasa dakika zote kumi na moja umetuacha tunakufa?"

"Clem, mwanangu," akasema, "msimamo ni wa Rowena. Ningesema mimi, angebaki na nini?"

Bi Marlys, sisi sote, wenyeviti kumi, makocha, marefa uliowatukana na wale ambao bado hujawafikia, tunasema asante. Safu ya nne kiti cha katikati ni chako kila Jumamosi, mchujo unaanza wiki hii, na tunakuombea afya, utulivu na miaka mingi ya kupiga kelele. Walter naye tunamwombea kupumzika.

Clem Arcand
Mtangazaji wa uwanja, Wexmoor